Kushinda Ngosi

Jiwe ninalosugulia visigino linaelea. Ukilitia kwenye beseni la maji haliendi chini; linabaki juu likijizungusha polepole kama kipande cha mkate mkavu. Nililiokota Uyole, kwenye ukingo wa barabara uliokwanguliwa na greda, penye tabaka jeupe lililolala katikati ya udongo mweusi. Mawe ya namna hii yalirushwa na milima yetu zamani za milipuko, na Ngosi ni mmoja wa milima iliyolipuka kwa nguvu kubwa. Vitundu vyake vyote ni povu. Jiwe lilikuwa uji wa moto, likarushwa juu likiwa linachemka, likaganda kabla povu halijapata nafasi ya kupasuka.

Leo ni Ijumaa jioni. Nimekaa kwenye kigoda uani, miguu ndani ya beseni, nasugua. Kucha nimeshazikata fupi, kwa mstari ulionyooka, kwa sababu njia ya kuteremka Ngosi ina utelezi, na kidole kinachogonga ncha ya kiatu kutwa nzima hulala na ukucha mweusi. Kesho miguu hii inakwenda kwenye ukingo wa shimo la mlima uliomwaga mawe kama haya, na naona ni haki iandaliwe na jiwe la huko huko.

Ngosi uko katika safu ya Uporoto, mkono wa kulia ukitoka Mbeya kwenda Tukuyu, ukitazamana na Rungwe ulio mkono wa kushoto. Kimo chake ni mita 2,621, lakini anayeupanda hatafuti kilele. Mlima ulipotapika vilivyokuwa tumboni mwake, sehemu ya juu ilididimia, likabaki duara la kuta zilizofunikwa na msitu. Ndani ya duara hilo, mita kama mia mbili chini ya mahali watu wanaposimama kutazama, kuna ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita mbili na kina cha mita 74. Hakuna mto unaoonekana ukitoka humo. Hakuna samaki. Kutoka chini ya ardhi hupenya hewa ya ukaa, na maji yenyewe yana chumvichumvi. Rangi yake hubadilika kufuata jua.

Hayo yote nayajua kwa kusoma na kwa kusimuliwa. Kuliona, sijaliona.

Nilifika mpaka ukingoni mwaka jana, mwezi wa Machi, mvua zikiwa zimekolea. Tulikuwa wanne, watu wa kazi moja, na tulitoka mjini saa nne asubuhi kama wanaokwenda kwenye sherehe mtaa wa pili. Fulana za pamba, raba nyembamba, chupa ya maji ya nusu lita kwa kila mtu, pakiti mbili za biskuti. Tulipoiacha lami tukapanda bodaboda, na bodaboda zikazama kwenye tope mara tatu, tukashuka tukasukuma. Msituni tulipanda kwa pupa, tukilipa muda tuliouchezea asubuhi, na fulana zikalowa jasho mpaka kiunoni. Tulipotokea juu ilikuwa saa nane na robo, na mbele yetu hapakuwa na kitu.

Nakumbuka weupe ule. Ulikuwa hapa hapa, unagusa kope. Mti uliokuwa hatua sita kutoka niliposimama ulikuwa kivuli tu. Nilitazama mkono wangu nikaona ukungu umetua kwenye vinyweleo, kila unywele umebeba tone lake, matone madogo kuliko mbegu za mchicha, yote yamejipanga kuelekea upande ambao upepo ulikuwa unakwenda. Chini yetu, mahali fulani, kulikuwa na ziwa. Hata sauti halikuwa nayo.

Vijana wawili walikuwa wamekaa juu ya salfeti, wamejifunika koti moja kubwa la mvua, katikati yao chupa ya chai. "Karibuni chai," wakatuambia. Tukawajibu asante, tumechelewa. Mzee aliyetuongoza akasema tusubiri kidogo, hufunguka. Tulisubiri dakika kumi. Jasho lilikuwa limegeuka barafu mgongoni; mwenzetu mmoja alianza kutetemeka kiasi cha kushindwa kufunga zipu ya begi; na wote tulikuwa tunapiga hesabu ya giza na ya kosta ya mwisho. Tukageuka. Tulikuwa tumeshafika katikati ya mteremko wale vijana walipotukuta, wanashuka wakicheka. Mmoja akaniuliza, "Dada, mmeliona? Lilifunguka lote!" Nilikosa la kumjibu. Nilimpisha njia akapita.

Ile "asante, tumechelewa" imenikaa moyoni kuliko hata ziwa lenyewe. Nimekulia katika nyumba ambayo mgeni akikaribishwa chai, hata kama ana safari, hukaa angalau apokee kikombe. Na mimi, juu ya mlima, katika baridi ile, nilimkatalia mtu aliyekuwa na chai ya moto kwa sababu nilikuwa sikuja na muda. Usiku ule, miguu ikiwaka moto chini ya blanketi, nilipiga hesabu yangu upya. Ukungu haukunikosesha ziwa. Ukungu ni wa pale, una haki yake. Nilikosa nusu saa. Na nusu saa ile ilikuwa inauzwa Mwanjelwa kwa bei ya sweta la mtumba. Ilikuwa inachemshwa jikoni kwangu, kama ningeamka kuwasha jiko.

Tangu hapo kila ninachokitia begini nakiuliza swali moja: utanipa dakika ngapi pale juu?

Sweta linanipa nyingi. Nimenunua la sufu, rangi ya majani makavu, kiwiko kimoja kimetoboka nikakitia kiraka. Pamba ni rafiki wa Dar es Salaam, lakini mlimani hunywa jasho ikakaa nalo, na upepo ukipita hapo unakuvuta joto lote la mwili. Sufu hata ikilowa huendelea kukutunza. Kila ukipanda mita elfu moja hewa hupoa kwa nyuzi joto kama sita, na Mbeya yenyewe mwezi wa Juni haihitaji kuongezewa baridi. Kwa hiyo nitapanda na shati jepesi la mikono mirefu, sweta likiwa begini, na nitalivaa nikishafika, baada ya kuvua shati lililolowa na kuvaa kavu. Hilo shati kavu ndilo jambo nililojifunza kwa uchungu zaidi. Mtu mwenye shati kavu anaweza kukaa kitako.

Kulifikisha kavu huko juu ni kazi nyingine. Zamani kila nyumba ilikuwa na droo iliyojaa rambo, unavuta moja unafungia nguo. Mifuko ile ilipigwa marufuku Juni 2019, na nikitazama mitaro yetu ilivyokuwa, sina ninachokililia. Nimekata kipande cha nailoni nzito, ile ya kufunikia vitalu vya miche, nikaifunga nguo ndani yake kama mtu anavyokunja kitenge cha kubebea mzigo, nikaikaza kwa mpira wa baiskeli. Juu yake nimeweka salfeti tupu ya viazi. Ya kukalia. Hili nimewaiga wale vijana bila kuona haya.

Viatu vyangu ni buti za ngozi nilizozivaa miezi mitano sasa kwenda sokoni, kanisani, kazini, mpaka watu wakazoea. Wenyeji wa vijiji vya chini ya Ngosi hupanda na gambuti, na wanapita kwenye tope kama wanatembea sebuleni, ila gambuti inahitaji mguu ulioizoea. Suruali ni ndefu, ya kuingizwa ndani ya soksi, kwa ajili ya majani yanayowasha. Buti nazo nimeziandaa kwa kuzipandisha Loleza. Jumamosi tatu mfululizo nimepanda mlima ule unaoangalia jiji letu, mita 2,656, wenye minara ya mawasiliano kichwani, peke yangu mara ya kwanza, kisha na binti wa dada yangu. Siku ya tatu anga lilikuwa safi, tukauona Rungwe kwa mbali, bluu kama moshi. Sikujipima kwa kasi hata siku moja. Nilijipima kwa kuongea: nikishindwa kumalizia sentensi, tumekwenda mbio mno.

Binti huyu ana miaka kumi na nne na anakwenda nami kesho. Yuko ndani anamenya mayai, na kila baada ya dakika mbili anapaza sauti.

"Mama mdogo, karanga nizitie chumvi?"

"Zitie, mwanangu. Na viazi vitolee chumvi yake pembeni, kwenye karatasi."

Viazi ni vya Uporoto, vile vyenye ngozi nyekundu, vimechemshwa na maganda yake. Tunavirudisha kwao, kwa namna fulani. Udongo wa pale, uliotokana na majivu ya milipuko ile ile, ndio unaovinenepesha. Tuna mayai sita, ndizi mbivu, chapati nne zilizokunjwa kwenye kitambaa. Maji ni lita mbili kwa kila mmoja. Binti aliponiuliza kwa nini tubebe kilo zote hizo za maji ilhali tunakwenda ziwani, nilimweleza kuhusu kuta zile, jinsi zilivyosimama wima, na maji yale ya chumvichumvi yasiyo na samaki. Akanyamaza akifikiri. Kisha akasema, "Basi tunakwenda kuliangalia tu." Ndiyo, mwanangu. Tunakwenda kuliangalia tu.

Juzi nilimpigia simu mzee yule yule wa mwaka jana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Safari hii mko wangapi?"

"Wawili tu. Mimi na mtoto wa dada."

"Mje asubuhi. Msije kupita. Mje kushinda."

Nimeibeba kauli hiyo siku mbili. Lugha yetu imeweka mambo mawili ndani ya neno moja, na sisi tunaosoma habari za wapanda milima tumelizoea jambo moja tu. Tunasoma kwamba fulani ameushinda Kilimanjaro, kwamba fulani amevunja rekodi kwa kuushinda kwa saa kadhaa. Mlima umekuwa mpinzani, na aliyefika juu ni mshindi. Mzee hakumaanisha hivyo. Alimaanisha kushinda kama mtoto anavyoaga asubuhi, "leo nashinda kwa bibi." Kama tunavyosalimiana jioni tukiulizana umeshindaje. Kushinda mahali ni kukaa hapo jua linakukuta na linakuacha, bila kuuliza kila saa chakula kitaiva lini. Mwaka jana nilikwenda kuushinda Ngosi kwa maana ya kwanza, na hata hiyo sikuipata. Safari hii nakwenda kwa maana ya mzee, na beseni hili, salfeti, sweta lenye kiraka na viazi vinavyopoa jikoni vyote viko upande wake.

Mama yangu alipokuwa anakwenda kushinda kwa watu, maandalizi yake yalianza jana yake jioni. Alisuka nywele zetu, akapiga pasi kitenge, akatenga ndizi au kilo ya sukari, akaamua tutatoka saa ngapi ili tusiwakute wenyeji wamelala wala tusiwakute wameshakula. Hakuwahi kuiita hiyo kazi. Kuandaa safari kulikuwa tayari ni sehemu ya kuwaheshimu waliokuwa wanatungoja. Nikimkumbuka akiwa ameinama juu ya sanduku, mshumaa pembeni, midomo ikisogea anapohesabu, naona kwamba kwa saa hizo chache alikuwa ameshafika kwao.

Saa za kesho nimezipanga kama yeye. Tunaamka saa tisa na nusu usiku. Saa kumi na moja tuko stendi ya Nane Nane kusubiri kosta ya kwanza ya Tukuyu. Tukishuka, bodaboda hatupandi. Tunatembea kilomita kama sita za barabara ya vumbi, katikati ya mashamba ya viazi, mpaka mwanzo wa msitu. Hapo inapaswa iwe saa tatu. Msituni tunapanda kwa mwendo wa kinyonga, mpaka saa tano. Na kuanzia saa tano mpaka saa saba na nusu ni mali yetu. Saa saba na nusu tunageuka, tumeliona au hatujaliona. Hilo nimelisema mbele ya binti na mbele ya dada yangu, ili kesho nisije nikajidanganya. Jirani anajua njia tunayopita na saa ya kutuulizia.

Saa hizo zimeamuliwa na ukungu. Upepo wa kusini mashariki hupita juu ya Ziwa Nyasa ukajaa maji, ukifika Kyela unakutana na milima, na kwa kuwa hauna pa kupita unapanda. Ukipanda unapoa, ukipoa unageuka wingu. Ndiyo maana Tukuyu hunyeshewa kuliko sehemu kubwa ya nchi, ndiyo maana chai na migomba vinastawi pale, na ndiyo maana ukingo wa Ngosi hufunikwa hata mwezi wa Juni wakati sisi wa mjini tunalalamikia vumbi. Asubuhi wingu la usiku huwa bado limelala ndani ya shimo kama maziwa kwenye bakuli. Jua likipanda huanza kuchanika. Alasiri lingine huja kutoka bondeni. Katikati ya hayo mawili kuna mlango. Unaweza kuwa wa saa nzima, unaweza kuwa wa dakika tano, na mtu haambiwi mapema. Anachoweza kufanya ni kuwa amekaa pale, mkavu, ameshiba, hana gari linalompigia honi.

Nimetaja kinyonga, na kweli yupo. Mwenye pembe tatu usoni, wa Uporoto hasa; wataalamu walimpa jina mwaka 1900, wakamwita kwa jina la daktari Mjerumani, Fülleborn. Mwaka jana mzee alisimama ghafla njiani akanyoosha fimbo kuelekea tawi lililokuwa usawa wa uso wangu. Niliona majani. Akasema nitazame tena. Nilitazama pengine kwa pumzi mbili, wenzangu walikuwa wameshatangulia, nikasema "aha, nimemwona," nikaendelea. Sikuwa nimemwona. Nilimwambia uongo mzee wa watu kwa sababu ya haraka, na hilo nalo nalipeleka kesho nilirekebishe. Binti nimemwambia: mzee akinyoosha fimbo, tunasimama mpaka wote wawili tumeona jicho likizunguka.

Amekuja sasa na chupa ya chai mkononi anataka kujua tunaijaza lini. Asubuhi, namwambia, ikiwa inachemka, na kwanza unaisuuza na maji ya moto ili chupa yenyewe isiinywe joto la chai. Tangawizi nimeshaitwanga. Sukari tutaitia huko huko, kwa maana mzee simjui anakunywaje. Nimejifuta miguu, nimepaka mafuta ya mgando katikati ya vidole, nimevaa soksi. Jiwe nimeliacha kwenye beseni, bado linaelea.

Anapanga vitu mezani nilivyomwelekeza, kimoja kimoja, akivitaja. Bandeji. Tochi. Simu, chaji imejaa. Salfeti. Nailoni yenye nguo. Vikombe vya bati. Anasimama kwenye vikombe, anavihesabu kwa kidole, anahesabu tena.

"Mama mdogo, mimi, wewe na mzee. Vikombe viko vitano."

"Viache vitano."

"Vya nani hivyo viwili?"

"Wapo watakaotukuta pale juu," nikamwambia. "Vifunge na kitambaa visigongane."

Akavifunga.